Msaada: nimepima databesi, majarida yote ya Tanzania yanasoma hayamo. Nakosea wapi?

MwanaRafu

Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa mwisho masta ya maktaba na habari, na tisisi yangu inahusu databesi za utafiti zinabeba kiasi gani cha majarida ambayo watu wa elimu, lugha na historia ya Afrika Mashariki wanayatumia kweli. Wazo lilitoka kwa supavaiza, aliniambia chuoni kila mtu anaimba Scopus Scopus (ile databesi ya kulipia ya Elsevier) lakini hakuna aliyekaa akahesabu vitu vyetu vimo au havimo. Nikaona hii simpo, miezi miwili nimemaliza. Mwezi wa tano huu.

Nilichofanya ni hivi. Nimetengeneza orodha yangu ya majarida 38, nikaingiza jina na ISSN (ile namba ya nafasi nane ya kutambulisha jarida) kwenye Exceli. Halafu nikaanza na DOAJ, orodha ya majarida yanayosomeka bure mtandaoni, kwa sababu faili lao lote la majarida linapakuliwa bure, nikaweka fomula itafute ISSN yangu moja moja kule kwao. Mpango ulikuwa nikimaliza hapo niende Scopus, nao wana orodha ya Exceli, kisha Web of Science (nayo ya kulipia), AJOL (saiti ya majarida ya Afrika) na Google Scholar.

Sasa matokeo. Yale yanayochapwa Uingereza na Ujerumani fomula inaniambia limo au halimo vizuri kabisa. Ya Tanzania yote, narudia YOTE, halimo. Nilifurahi kidogo kusema ukweli, nikaona nimepata hoja ya kuwashtua watu kwenye difensi. Jana usiku nikaingia saiti ya DOAJ kutafuta jarida moja la hapa kwetu kwa jina tu, likaja, limekaa pale na ISSN yake. Kwenye Exceli yangu limeandikwa halimo. Nikajaribu la pili hivyohivyo. Nimeangalia fomula mpaka macho yanauma, iko sawa maana kwa ya Uingereza inafanya kazi. Mwenye kuelewa anisaidie kabla supavaiza hajaomba sura ya nne.

mzee_wa_katalogi

Kijana pole. Kabla ya yote bandika hapa ISSN tatu jinsi zilivyo kwenye seli yako, usizirekebishe. Moja ya Tanzania, moja ya Uingereza na moja ya Kenya kama unayo. Na uniambie kistari cha katikati ulikiweka vipi.

MwanaRafu

Shikamoo mzee. Niliziingiza bila kistari ili niende haraka, halafu nikaona DOAJ wanatumia kistari nikaweka fomula ichukue herufi nne za kushoto, kistari, nne za kulia. Hizi hapa baada ya fomula:

Journal of Eastern African Studies: 1753-1055
East African Medical Journal: 0012-835X (hili si la fani yangu niliweka la kujaribia tu)
Tanzania Journal of Science: 8561-1761 (hili nalo la kujaribia)

mzee_wa_katalogi

Marahaba. Hilo la tatu lisome tena taratibu.

ISSN za Tanzania nyingi unazokutana nazo zinaanza na 0856, nyingine 1821. Hiyo ya Tanzania Journal of Science ni 0856-1761. Ulipoichapa bila kistari Exceli ikaona ni namba, na namba haianzi na sifuri, ikaila sifuri. Zikabaki tarakimu saba, 8561761. Fomula yako ikachukua nne za kushoto 8561, nne za kulia 1761, ile moja ya katikati ikahesabiwa mara mbili, ukapata ISSN ambayo haipo. Ya Uingereza inaanza na 1 haikuguswa. Ya Kenya ina sifuri mbili mbele lakini inaishia na X, Exceli ikaona hii si namba ni maandishi, ikaiacha salama. Kwa hiyo kosa lako halikupiga ovyo, limechagua nchi.

Dawa: safu ya ISSN ifanye iwe maandishi KABLA ya kuchapa au kubandika chochote. Zilizokwisha liwa tumia fomula ya TEXT yenye sifuri nane zitarudi, ndo uweke kistari. Na hiyo X mwishoni usiifute ukidhani ni uchafu, inasimama badala ya kumi. Tarakimu ya mwisho ya ISSN ni ya kukagua zile saba za mbele. Unazidisha ya kwanza kwa 8, ya pili kwa 7, hivyo hivyo mpaka ya saba kwa 2, unajumlisha na ile ya mwisho, jibu lazima ligawanyike kwa 11. Jaribu 0856-1761 uone, inakuja 154. Weka fomula hiyo kwenye orodha yako yote, namba yoyote iliyokosewa kuchapwa itajitokeza yenyewe.

Nimeona ripoti ya taasisi moja, sitaitaja, imechapwa rangi na jalada gumu, inasema majarida ya ndani hayaonekani kimataifa. Niliomba faili lao. Sifuri zote zimeliwa.

MwanaRafu

Aisee 😂😂 miezi mitano. Mzee Mungu akuweke. Nazirudisha sasa hivi.

Binti wa Feri

Mimi nimecheka mpaka mwenzangu ofisini kaniuliza kuna nini. Lakini kaka MwanaRafu usishangilie bado, kuna ISSN ya karatasi na ISSN ya mtandaoni, jarida moja namba mbili tofauti. Hiyo Journal of Eastern African Studies ya karatasi ndo 1753-1055, ya mtandaoni ni 1753-1063. Ukitafuta kwa moja tu utakosa zile ambazo databesi imeandikisha kwa nyingine. Faili la DOAJ lina safu mbili, tafuta kwenye zote.

Na majina. Jarida la Kiswahili la pale Mlimani asili yake ni buletini ya ile Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, likapita majina kadhaa, likawahi kuitwa Swahili, ndo likaja kuwa Kiswahili. Mtu akitafuta jina la leo tu atasema makala za zamani hazipo, kumbe zimekaa chini ya jina la babu.

Dkt Kibandiko

Samahani nitaandika ndefu, niko kwenye basi Dodoma Dar na foleni imesimama Kibaha.

Mnaongelea faili, mimi naongelea orodha yenyewe. Hayo majarida 38 ulipata wapi? Maana hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa na mtahini wa nje na ukisema niliyajua kichwani umekwisha. Ukipima ndoo imejaa kiasi gani lazima kwanza ujue ukubwa wa ndoo. Ukichukua orodha kutoka AJOL halafu ukapima AJOL utapata mia kwa mia, umejipima na kivuli chako. Ukichukua Scopus kama orodha ya msingi halafu ukapima wengine, umeshakubali kimyakimya kwamba kisichokuwa Scopus si jarida.

Wenzetu wengi wanatumia Ulrich, lile daftari kubwa la majarida ya dunia alilolianzisha Carolyn Ulrich wa maktaba ya New York mwaka 1932. Mwaka 2016 Mongeon na Paul-Hus walichukua Ulrich wakalinganisha nayo Web of Science na Scopus, wakakuta zote mbili zimeelemea sayansi asilia, uhandisi na tiba, sayansi za jamii na sanaa ziko nyuma, na Kiingereza kimezidi kupita kiasi. Kazi nzuri, isome. Lakini Ulrich yenyewe ni ya kulipia na jarida linaloingia humo ni lile ambalo mtu amelipeleka au wamelifuata, sasa jarida la idara moja mkoani linalotoka mara moja kwa mwaka mhariri akipata hela ya kuchapa, nani amelipeleka?

Ushauri wangu fanya hivi. Nenda kachukue tisisi za chuo chenu za miaka mitano iliyopita, fani zako tatu, fungua kurasa za marejeleo za mwisho, orodhesha kila jarida ambalo wanafunzi wenu wenyewe wamelinukuu na mara ngapi. Hiyo ndo ndoo yako. Haijatoka kwa mwenye databesi yoyote, imetoka kwa watumiaji. Halafu uipime kwa namna mbili: majarida mangapi yamo, na manukuu mangapi yamo. Utaona majibu hayafanani hata kidogo, maana majarida machache hubeba manukuu mengi. Bradford, mkutubi wa Science Museum kule London, aliliona hilo mwaka 1934, na Garfield alipoanzisha Science Citation Index, ndo mama wa Web of Science, miaka ya 60 alijengea hapohapo, chukua majarida ya kiini yanatosha. Kwa hiyo Web of Science haikuahidi kubeba kila kitu tangu siku ya kwanza, sisi ndo tuliigeuza kuwa daftari la mahudhurio.

Kasoro yake: wanafunzi wananukuu kile wanachokipata. Kama chuo kina mlango wa Research4Life, ule mpango wa kuzipa nchi maskini majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo, watanukuu vya humo. Iandike kabisa kwenye sura ya tatu usisubiri uulizwe.

Basi limeondoka.

sina_presha

Mbona mnajichosha wakuu, Google Scholar ina kila kitu. Funga hiyo tisisi andika ukurasa mmoja: tumieni Scholar. Mwisho.

Binti wa Feri

@sina_presha kweli Scholar ni pana, mimi mwenyewe natumia kila siku. Ila tuambie inabeba majarida gani, lete orodha. Haipo, Google hawatoi. Scopus wanatoa, DOAJ wanatoa, Web of Science unaweza kutafuta kwenye orodha yao bure. Scholar haikubali majarida, inaokota makala moja moja kutoka kwenye saiti, na humo humo inaokota slaidi, maelezo ya kozi na tisisi ambazo hazijapitiwa na mtu.

MhaririMchovu

Na hata hiyo kuokota haiokoti kama mnavyodhani. Naomba niseme kama mtu wa upande wa pili, nimehariri jarida dogo la lugha na fasihi kwa muda, makala nyingi Kiswahili, silitaji jina kwa sababu wenzangu wamo humu.

Kuna siku mwandishi wetu kanipigia analalamika makala yake haionekani Scholar na mwenzie wa toleo la nyuma inaonekana. Nikaenda kuangalia. Toleo la nyuma kijana wa komputa alipandisha kila makala na faili lake. Toleo hili likizo ilikuwa imekaribia, kapandisha jarida zima kama faili moja la kurasa mia na kitu, jalada, tahariri, makala tisa, tangazo la kongamano, vyote. Scholar wanataka kila makala faili lake, lile fungu likawa kama halipo. Nikafungua na toleo la miaka ya nyuma zaidi, hilo lilikuwa skani, picha tupu, ukijaribu kukopi neno moja hupati kitu. Mashine haisomi picha. Kwa hiyo jarida moja, matoleo matatu, moja limo, mawili hayamo. Sasa kwenye jedwali lako ungeandika limo au halimo?

Ndo maana nasema kuangalia jina la jarida haitoshi. Chukua majarida kama kumi, kila moja toleo moja la zamani na moja jipya, shika yaliyomo mkononi tafuta kichwa cha kila makala kwenye kila databesi. Inachosha mno. Lakini Scholar haina njia nyingine, na hata Scopus utashangaa, jarida limo lakini makala zinaanzia mwaka waliolipokea, za nyuma hazipo. Na kuna yaliyowahi kuwemo yakatolewa, Scopus wana orodha ya walioondolewa. Yale yanasoma limo kwa miaka fulani tu.

Halafu wanaosema majarida ya Kiswahili hayajitahidi, naomba wajue masharti. Scopus wanataka jarida lipitie wasomaji wa kitaalamu, litoke kwa wakati, liwe na tamko la maadili, liwe limetoka angalau miaka miwili, na ikisiri na vichwa viwe na Kiingereza. Hiyo ya Kiingereza tunaiweza, ikisiri moja mtu anatafsiri. Kinachotuua ni kutoka kwa wakati. Namba ya Juni inatoka Februari kwa sababu msomaji wa makala kakaa nayo tangu Machi na halipwi hata soda.

mtu_wa_Nairobi

Hapa Kenya ni yale yale tu. Mimi niko maktaba ya afya so angle yangu ni tofauti kidogo. Kwetu East African Medical Journal makala nyingi za kitambo ziko PubMed, ile databesi ya bure ya tiba, na African Health Sciences ya Makerere unaipata PubMed Central bure kabisa mpaka makala nzima. So mtu wa tiba akisema Afrika haionekani namuuliza umeangalia wapi. WHO pia wana African Index Medicus ya bara letu na wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia. Kiswahili na historia ndio wameachwa nje, hawana PubMed yao. Usichanganye fani tatu ukatoa namba moja, kila fani ipe hesabu yake.

Kitu ingine, mwenye amesema AJOL. AJOL imekuwepo tangu 1998 na ni msaada mkubwa, lakini kuwa AJOL si kusema jarida ni nzuri ama mbaya. Wao na INASP, shirika la Uingereza la kusaidia utafiti, walianzisha ile ya nyota ya kupima jarida linavyoendeshwa, JPPS, iko na bila nyota, nyota moja, mbili, tatu. Angalia nyota. Pia si kila makala huko ni ya bure, zingine unaona ikisiri tu. Na angalia DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, zile zinaanza na 10.4314 zimepitia AJOL. Jarida bila DOI kwa databesi kama OpenAlex na Dimensions ni shida kupatikana, maana hawa wanavuta vitu vingi sana kutoka Crossref, wale wanaosajili DOI.

sina_presha

Sawa sawa nimekubali nilikuwa natania nusu. Lakini swali la kizushi: kama jarida halimo kokote kule na bado ndo zuri kwenye fani, kama yale ya zamani ya historia ya hapa, si tunapima databesi sasa badala ya jarida?

Dkt Kibandiko

Ndicho anachopima! Kichwa chake kinasema databesi. Wakubwa wetu kwenye kamati za kupandishana vyeo ndo wanachanganya. Hapo hapo weka mstari mzito MwanaRafu. Ukisema databesi fulani inabeba kidogo ya fasihi ya Kiswahili umeisema databesi. Asije mtu akachukua jedwali lako akalifanya fimbo ya kuwachapia waandishi.

Nimefika. Mbezi mvua.

MwanaRafu

Wakuu nimerudi. Kwanza sifuri zimerudi na ya Tanzania yameanza kusoma limo, si mengi, ila si yale ya halimo halimo halimo ukurasa mzima. Ile hesabu ya 11 imenikamatia nyingine tatu nilizogeuza tarakimu. ISSN ya mtandaoni nimeongeza safu, nayo ikaleta mengine mawili ambayo ningeyakosa.

Orodha ya 38 nimeiweka pembeni. Leo nimeanza tisisi za Kiswahili, nimemaliza 6 tu kutwa nzima maana marejeleo yenyewe ni vurugu. Jarida moja limeandikwa namna tano, mmoja kaweka kifupisho, mwingine kaweka jina la taasisi badala ya jarida, mmoja kaandika tu "Jarida, Juzuu 2" basi, jarida gani hasemi. Nilichokiona mpaka sasa ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili wananukuu vitabu kuliko majarida, mara nyingi zaidi. Sijui hilo nalo niliweke wapi, databesi zote hizi ninazopima zimejengwa kwa majarida.

@MhaririMchovu nitafanya ile ya matoleo, majarida kumi, mawili mawili. Jipya na la zamani.

MhaririMchovu

Vitabu viweke sura ya nne mwanzoni kabisa kabla ya jedwali lolote. Usivifiche. Na ile "Jarida, Juzuu 2" mtafute aliyeandika umuulize, usikisie.

mzee_wa_katalogi

Na matoleo ya zamani usiyachukue mtandaoni. Ukichukua mtandaoni umeshachagua yale yanayoonekana. Yachukue rafuni.

MwanaRafu

Nimekwenda leo mzee. Yako stoo ya chini, nimeyaona kwa dirishani, yamefungwa kamba. Mwenye funguo ni mama mmoja yuko likizo Moshi mpaka Jumatatu.